Karatasi Nyekundu za Fundi Jailos

Tangu azaliwe, Antoni Bujiku hajawahi kudanganywa na mtu. Habari hiyo aliitoa mwenyewe, bila kuombwa, kwa yeyote aliyekaa karibu naye kwa muda wa kutosha kumeza mate mara mbili.

"Mimi nimefika kidato cha nne, Iringa," alikuwa akisema, akijigonga kifua kwa kidole chenye vumbi la chaki. "Nimesoma fizikia. Mtu wa kunidanganya mimi, mama yake bado hajachumbiwa."

Kidato cha nne alifika kweli. Kilichotokea baada ya kufika ndicho ambacho hakukisema sana: aliukalia mtihani, na mtihani nao ukamkalia, akarudi kwa wazazi wake waliokuwa wamehamia Usangu na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Huko, mwendo wa saa mbili kwa mguu kutoka Rujewa, akapewa kazi ya kufundisha elimu ya watu wazima. Ilikuwa mwaka wa sabini na tano, nchi nzima inajifunza kusoma, na mtu aliyejua kuandika jina lake bila kutoa ulimi nje aliitwa mwalimu.

Darasa lilikuwa ndani ya ghala la mpunga la kijiji. Wanafunzi kumi na wanne, karibu wote kina mama, mbao za kuandikia wameziweka magotini. Na katikati ya darasa, juu ya gunia, ilikaa redio. Hiyo ililetwa na ofisi ya elimu ili wanafunzi wasikilize kipindi cha masomo Jumanne na Alhamisi, kisha izimwe, ifunikwe kitambaa. Mtunzaji wa redio alikuwa Antoni.

Sasa, Antoni alikuwa na jambo moja lililomnyima raha. Chuo cha ualimu kilichoko Iringa kilikuwa kinachukua vijana, na waliofundisha watu wazima vizuri walifikiriwa hata kama mtihani uliwakalia. Kilichotakiwa ni barua ya Mratibu wa elimu ya watu wazima, Ndugu Sedekia. Na Ndugu Sedekia alikwishasema atakuja Ijumaa ya wiki ya pili kulikagua darasa. Akiridhika ataandika barua palepale. Asiporidhika, Antoni atabaki Usangu akimfundisha mwanafunzi wake Mama Nkuba silabi ya "nge" mpaka meno ya wote wawili yaishe.

Basi ungedhani mtu wa namna hiyo angekaa kwa adabu zake wiki mbili tu. Jumamosi akaibeba redio ya darasa, akaenda nayo gulioni Rujewa.

Alitembea katikati ya wauza samaki na wauza majembe, redio begani, dansi likitoka kwa sauti ya mwisho. Wasichana waligeuka. Mbuzi waligeuka. Na mtu mmoja aliyeketi nyuma ya meza, amevaa koti jeupe kama la daktari, bisibisi tatu zimechungulia mfukoni, naye akageuka, akaweka mkono sikioni kama aliyesikia msiba.

"Ndugu," aliita. "Samahani. Redio hiyo ni yako?"

"Yangu," alisema Antoni.

"Pole sana."

Antoni akasimama. Hakuna mtu anayeambiwa pole akaendelea na safari.

Yule bwana alijitambulisha kuwa ni Fundi Jailos wa Mbeya. Aliipokea redio kwa mikono miwili, akaiinamia, akafumba macho. "Unaisikia? Chini ya gitaa. Hapo. Kwaa... kwaa..."

Antoni alisikiliza. Ukisikiliza redio yoyote ya betri kwa muda na ukitaka kusikia kwaa, utaisikia. "Naisikia," alisema.

"Wengine hawaisikii. Umesoma wapi, ndugu?"

"Iringa. Kidato cha nne. Fizikia."

"Ndiyo maana!" Fundi akafurahi mno. "Asiyesoma nisingejisumbua naye. Wewe nitakuambia wazi: huyu ni mdudu wa mawimbi. Huyu hufuata kijaluba cha mawe ya betri, anajifungia humo, anasubiri. Ukizima redio, ile nguvu yote inarudi nyuma kwa kasi. Fizikia gani hiyo?"

"Mgandamizo," alisema Antoni haraka, ingawa hakuwa na hakika.

"Mgandamizo! Sema tena uwasikilizishe hawa." Na wakati Antoni akiwaeleza wauza samaki mgandamizo ni kitu gani, Fundi Jailos alipaka gundi, akabandika karatasi nyekundu mgongoni mwa redio, juu kabisa ya mlango wa mawe, akapiga muhuri wa duara uliofanana sana na mdomo wa chupa uliochovywa kwenye wino. Hakutaka malipo. Alimsukumia redio na kumpungia mkono kama mtu anayemsindikiza majeruhi.

Karatasi ilisema hivi:

TAHADHARI! REDIO HII INA MDUDU WA MAWIMBI. USIIZIME. USITOE MAWE. USIFUNGUE MGONGO. UKIKAIDI ITALIPUKA. MWONE FUNDI JAILOS, MBEYA, NYUMA YA KITUO CHA MABASI, KABLA YA SIKU KUMI. NJOO NA MCHELE, DEBE MOJA.

Antoni aliisoma mara tatu njiani, na kila mara ilikuwa kweli zaidi. Ilikuwa imepigwa kwa mashine ya chapa. Ilikuwa na muhuri. Na yeye, tangu darasa la kwanza, hajawahi kuona uongo wenye muhuri.

Jumatatu alilisomea darasa karatasi ile kwa sauti ya mazishi, redio nyuma yake ikitangaza bei ya pareto. Kina mama wakasogeza magunia yao nyuma kidogo, isipokuwa Mama Nkuba, mjane wa makamo, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, aliyekuwa na miezi mitano tu tangu ashike chaki.

"Mwalimu," aliuliza, "hilo karatasi ndilo limesema?"

"Ndilo, mayu," alisema Antoni, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Redio yenyewe haijasema?"

Roza, mkwe wake, akacheka ndani ya kanga. "Mama, redio itasemaje kwamba inaumwa?"

"Inasema bei ya pareto," alijibu Mama Nkuba. "Inashindwa nini kusema inaumwa?"

Antoni alitabasamu kwa huruma, lile tabasamu wanalopewa wasiosoma. Hata hivyo swali lilimwingia kidogo, na jioni, akiwa peke yake, akaona si vibaya kujaribu. Alikwangua ukingo wa karatasi kwa ukucha. Ikatoka yote. Chini yake palikuwa na nyingine, nyekundu kuliko ya kwanza:

UMEBANDUA KARATASI YA KWANZA. MDUDU AMESHTUKA. ZIMEBAKI SIKU SITA.

Akaapa kuacha palepale. Lakini mkono wa binadamu una ujinga wake, ukaenda wenyewe ukabandua na hiyo. Ya tatu ilikuwa na maneno machache:

BADO UNABANDUA? ZIMEBAKI TATU.

Hapo Antoni aliweka redio chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mgonjwa, akarudi nyuma hatua saba bila kugeuka. Mtu aliyeandika karatasi ile alikuwa anamwona! Kwamba kila anayesoma karatasi ya chini huwa amekwisha kuibandua iliyo juu yake, hilo ni jambo ambalo fizikia ya Iringa haikulifikia.

Shida nyingine ilikuwa usingizi. Redio haikutakiwa kuzimwa, na stesheni ikifunga matangazo ilibaki ikivuma shaaaa mpaka alfajiri. Siku mbili tangu gulio alikuwa nayo chumbani kwake, na macho yake yalikuwa mekundu kama zile karatasi. Usiku uleule akaibeba mpaka kwa Mama Nkuba, akamsalimia kwa lugha ya kwao.

"Mwadila, mayu. Nimekuletea heshima," alisema. "Wewe ndiye mwanafunzi wangu mwenye moyo mgumu. Redio ikae kwako mpaka niende Mbeya. Nitapita kila asubuhi kuikagua."

"Na ikitaka kulala?"

"Redio hailali, mayu. Usiiguse kabisa. Ukizima, nyumba hii, na ng'ombe, na mimi nikiwa karibu..." Akaonyesha kwa mikono jinsi vitu hivyo vitakavyopanda juu.

Mama Nkuba akamtazama, akaitazama redio. "Sawa, ng'wanawane, mwanangu," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Kila asubuhi Antoni alipopita aliikuta inaimba. Na jambo la ajabu, mawe hayakuisha. Siku ya kwanza sauti ilikuwa safi, ya pili safi vilevile. Darasani akawaeleza sababu: mdudu wa mawimbi, akisharidhika na makazi, hutema umeme wake mwenyewe na kuyalisha mawe. Alichora ubaoni mshale unaotoka kwa mdudu kwenda kwenye jiwe, na mwingine unaorudi. Kina mama wakanakili mishale yote miwili. Mama Nkuba alinakili pia, akaangalia mchoro wake kwa muda mrefu.

Likabaki suala la mchele. Darasa lilikuwa na debe moja tu, mchele mzuri wa kunukia waliouweka kwa ajili ya kumpikia Mratibu Ijumaa. Huko Usangu mgeni wa serikali anakula wali. Ukimpa ugali ni kama umemwonyesha mlango. Kina mama walinung'unika.

"Mwalimu, tutampa nini mgeni?" aliuliza Roza.

"Mtampa redio nzima," alisema Antoni. "Au mnataka aje akute shimo?"

Alhamisi alfajiri alipanda lori la mpunga linalokwenda Mbeya, debe kati ya miguu, redio kifuani, inaimba. Abiria walimpenda sana. Walidhani ni mkarimu. Walipopita Igawa bibi mmoja alimwomba apunguze kidogo ili apumzike, Antoni akamsomea karatasi zote tatu, bibi akahamia upande wa pili wa lori, juu ya magunia, kwenye upepo.

Nyuma ya kituo cha mabasi, Mbeya, kwenye ubaridi na manyunyu, hakuhitaji kuuliza njia. Alizisikia. Redio kumi na mbili, kumi na tatu, zote zimewashwa, zote zinaimba kwa wakati mmoja, na nyuma ya kila redio mtu ameikumbatia na debe liko miguuni. Foleni ilianzia kwenye pazia la karakana ikakunja kona.

Antoni alijipanga. Mbele yake alisimama karani mmoja, tai shingoni, aliyejitambulisha kwa jina la Asukile. Mbele ya Asukile palikuwa na katekista. Mbele ya katekista, muuguzi, kisha walimu wawili wa shule ya msingi, kisha bwana shamba. Antoni alitazama foleni mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na mchunga ng'ombe hata mmoja. Hapakuwa na muuza ndizi. Palikuwa na kalamu kwenye kila mfuko wa shati.

"Yako imefika karatasi ya ngapi?" aliuliza Asukile.

"Ya tatu."

"Aa, hiyo bado changa." Asukile aliigeuza yake kwa fahari. "Mimi ya tano. Ya tano inaniita kwa cheo. Soma mwenyewe: Ndugu Karani."

"Umemwambia wewe ni karani?"

"Gulioni, tulipokuwa tunazungumza. Lakini mdudu amejuaje?"

Katekista aligeuka. "Tusimseme sana akiwa anasikia," alinong'ona, na wote watatu wakanyamaza.

Zamu ya Antoni ilifika saa nane. Fundi Jailos, koti jeupe, hakumkumbuka, au hakutaka. Alipokea debe kwanza, redio baadaye, akaingia nyuma ya pazia. Antoni akasikiliza. Alisikia karatasi ikichanwa, mara moja. Alisikia kidude cha kuzimia kikisema "tak". Muziki ukakoma. Kisha akasikia mtu akinywa chai: anapuliza, anafyonza, anaweka kikombe, anapuliza tena. Kikombe kizima. Mwisho ikasikika "tak" ya pili, muziki ukarudi, na Fundi akatoka akifuta jasho ambalo halikuwapo.

"Nimemtoa," alisema. "Alikuwa mkubwa."

Hapo palikuwa na nafasi ya kuuliza. Hata mbuzi wa Rujewa angeuliza. Lakini nyuma ya Antoni walisimama watu wanane wenye kalamu, wote wakimtazama, na kuuliza kungekuwa kusema mbele yao kwamba mtu wa kidato cha nne amebeba debe la mchele kutoka Usangu mpaka Mbeya kuja kuzimiwa redio. Akashukuru. Akashukuru hata mara mbili.

Njiani kurudi, redio imezimwa mapajani, kimya, haijalipuka, alikuwa na muda mrefu wa kufikiri. Lori lilipofika Chimala habari ilikuwa imeanza kubadilika kichwani mwake. Lilipofika njia panda ya Rujewa ilikuwa imebadilika kabisa.

Ijumaa Ndugu Sedekia alifika kwa baiskeli, mtu mwembamba kutoka Kilolo, mwenye miwani na daftari lililofungwa kwa mpira. Kina mama waliimba. Kisha wakampa ugali.

Mratibu aliutazama ugali. Aliyatazama mashamba ya mpunga yaliyoonekana mlangoni mpaka mwisho wa macho. "Hapa ni Usangu, ama nimepotea njia?" aliuliza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali.

Antoni akasimama. Ilibidi. "Ndugu Mratibu, wali wako umeiokoa redio ya serikali," alianza, na akasimulia. Alisimulia gulio, kwaa, mdudu, na karatasi ambazo yeye hakuzijali hata kidogo. Alisimulia jinsi darasa lilivyotetemeka na yeye akawatuliza. "Siku zile zote redio haikuzimwa hata dakika moja, maana nilijua mgandamizo. Mtu mwingine angezima, tungekuwa tunazungumza habari nyingine hapa. Nikaenda nayo Mbeya. Fundi mwenyewe, Ndugu Mratibu, mikono ilimtetemeka. Nikamwambia, ndugu, nipishe. Nikashika bisibisi. Tak! Mdudu nje. Mchele nikamwachia Fundi kwa kumwonea huruma."

Mratibu aliacha kutafuna. "Wewe mwenyewe?"

"Kwa mikono hii."

"Vijana kama hawa ndio tunaowatafuta," alisema Ndugu Sedekia. Alisukuma sahani pembeni, akafungua daftari, akachana ukurasa mzuri, akaandika tarehe na jina la chuo. Antoni, aliyesoma maandishi kinyumenyume tangu utoto kwa kupeleleza daftari za walimu, alifuatilia kalamu: "Namfahamu kijana huyu kuwa ni mkweli na mwenye ujasiri..." Hapo kalamu ikatua. "Ngoja kwanza niwaone wanafunzi, nimalizie vizuri. Kila mmoja aje ubaoni aandike sentensi yake mwenyewe. Si ya kitabuni. Jambo alilolifanya au aliloliona."

Roza alikwenda wa kwanza: MIMI NAPALILIA MPUNGA. Mratibu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wa pili aliandika habari ya kuku, wa tatu habari ya mume, wakacheka wote. Antoni alisimama kando, mikono nyuma, amejaa kama mkate. Miezi mitano iliyopita hakuna kati yao aliyejua chaki inashikwa upande gani.

Akaja Mama Nkuba. Alishika chaki kama anavyoshika mwiko. Aliandika polepole, herufi moja kubwa, anapumzika, nyingine, anarudi nyuma kidogo kuitazama kama iko wima. NILI. Antoni alimtia moyo kwa kichwa. NILIZIMA. Kichwa kikaacha kutikisika. NILIZIMA REDIO. Ikasikika chaki tu ikikwaruza. Aliandika mpaka ubao ukamwishia, akashuka mstari wa pili, akamaliza, akaweka nukta kwa nguvu hata chaki ikakatika.

NILIZIMA REDIO KILA SIKU.
HAIKULIPUKA.

Ndugu Sedekia alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Ulizima lini, mama?"

"Kila nikienda kulala, bwana. Inapiga kelele. Asubuhi nawasha kabla mwalimu hajapita." Mama Nkuba alifuta mikono kwenye kanga. "Yeye alisema isizimwe, sikupenda kumvunjia heshima. Amesoma."

"Siku zote hizo?"

"Zote alizoniachia."

"Na haikulipuka?"

"Si nimeandika hapo?" alisema Mama Nkuba, akashangaa kidogo kwamba bwana mkubwa wa elimu anahitaji kusomewa.

Roza alijifunika kanga uso mzima, mabega yakimcheza. Mratibu hakucheka. Alichukua kalamu, akaiweka juu ya ule ukurasa, mahali palepale penye "mkweli", akageuka taratibu mpaka miwani yote miwili ikamwelekea Antoni.

"Mwalimu," alisema, "hebu sahihisha. Sentensi za mama huyu zina kosa lolote?"

Antoni aliukaribia ubao. Alikagua herufi kwa herufi, alikagua nafasi, alikagua hata nukta, akitafuta kosa kama mtu anayetafuta ufunguo nyumba ikiungua. Mama Nkuba alisimama pembeni yake akisubiri, na usoni mwake mlikuwa na wasiwasi wa kweli wa mwanafunzi.

"Hazina," alisema Antoni.